Kondoo Hapotei kwa Kukimbia



Vijana wenzangu, leo naomba mfungue Injili ya Luka sura ya 15, mstari wa 1 hadi wa 7. Someni kwanza wenyewe, halafu mrudi hapa. Ni ile habari ya mtu mwenye kondoo mia, akapotelewa na mmoja, akawaacha wale tisini na tisa na kumfuata aliyepotea mpaka akampata. Tumeisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tumeichora, tumeiigiza, tumeiimba. Nadhani hapo ndipo shida inapoanzia, maana kitu ulichokizoea kiasi hicho huwa hukiulizi maswali.

Mimi nina swali moja tu. Yule mtu alijuaje kwamba mmoja hayupo?

Hebu fikirini. Kondoo mia ni wengi. Ukitoa mmoja katika mia, hakuna pengo linaloonekana. Kanisani ni hivyo hivyo: mtu mmoja asipokuja, wenzake kwenye benchi wanasogea kidogo, wanakaa kwa nafasi, Misa inaendelea. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta, kabla ya kumbeba mabegani, kabla ya kuwaita majirani washangilie, kuna jambo lilitokea ambalo Luka hakuliandika. Mtu yule aliangalia kundi lake akagundua. Kwa maoni yangu nusu ya habari yote iko hapo.

Swali hili nililipata kwa mzee mmoja wa Kimasai upande wa West Kilimanjaro, na sina budi kuwasimulia ilivyokuwa.

Parokia ninayosali sasa mimi ni mgeni kidogo, nimepewa ulezi wa vijana mwaka huu tu. Mwezi wa sita vijana wakaomba matembezi. Wengine walitaka maji moto ya Chemka, wengine maporomoko ya Materuni, wote wakifikiria picha. Mwishoni tukakubaliana twende kuona ng'ombe. Msicheke. Kuna kijana wetu anasomea mifugo, ndiye aliyetushawishi, na ndiye aliyetuombea nafasi ya kutembelea Ranchi ya West Kilimanjaro, ile ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliyoko wilaya ya Siha. Tukakodi Kosta. Mnashika barabara ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, mnakata kulia kupanda Sanya Juu, na kutoka hapo mlima unaanza kuwageukia.

Aliyezaliwa Kibosho, Machame, Kilema au Marangu anadhani anaujua Mlima Kilimanjaro. Anaujua wa upande mmoja. Huku kwetu kusini ni migomba, kahawa, mifereji na ukungu. Kule magharibi mvua ni chache, migomba inaisha, nchi inafunguka. Nyasi, miti ya migunga hapa na pale, Kibo iko mkono wa kulia na Meru iko kushoto kwa mbali, na katikati hakuna uzio wa macho. Ndovu nao wana njia yao huko, ushoroba wa Kitendeni, wanaopitia kati ya msitu wa mlima na Amboseli upande wa Kenya. Binti mmoja wa kwaya aliposhuka kwenye gari alikaa kimya kama dakika mbili, kisha akasema, “Aisee, kumbe ng'ombe huwa anatembea!”

Wote tukaangua kicheko, lakini alikuwa amesema jambo kubwa. Ng'ombe wa Uchagani hatembei. Yuko zizini kihambani, zamani alilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na majani anafuatwa huko tambarare. Nani anayafuata? Mama. Tumewaona tangu utoto, mzigo wa majani kichwani, kilima kirefu, jua kali. Ng'ombe anainua tu shingo, anakuta ameletewa. Anakula vizuri, anatoa maziwa, hajawahi kupotea hata siku moja, na wala hajui njia ya malisho iko wapi.

Pale nyikani nikawaza kwamba imani ya wengi wetu ni ya ng'ombe wa kihambani. Rozari ya jioni aliianzisha mama. Kuamka Misa ya kwanza, mama. Zaka kwenye bahasha, mama. Jumuiya, mama ndiye alijua leo ni kwa nani. Simdharau mama hata kidogo, bila mzigo wake wengi wetu tungekuwa tumeshakufa njaa. Lakini kijana anamaliza shule, anakwenda Dar es Salaam au Arusha kutafuta maisha, anapanga chumba, na Jumapili ya kwanza anainua shingo kama alivyozoea. Hakuna majani. Hakosani na Mungu, hatukani Kanisa, wala hajajiunga na dini nyingine. Anangoja tu kuletewa. Someni Zaburi ya 23 kwa macho hayo: yule mchungaji haleti majani zizini. Anamwongoza kondoo aende, kwa miguu yake mwenyewe, hadi kwenye malisho na maji, na njia nyingine inapita bondeni penye giza.

Ranchi wenyewe walitupokea vizuri. Tuliwaona Boran, ng'ombe wakubwa wenye nundu, weupe na wekundu, wametulia kama wazee wa baraza. Kila mmoja ana hereni sikioni yenye namba. Tukaelezwa habari ya josho, kwamba ng'ombe wanaogeshwa kwa dawa kuua kupe, maana kupe ndiye anayeleta ndigana kali, na ndigana kali haichezi na ndama. Vijana waliuliza maswali mengi kuhusu bei, kitu ambacho kilinifurahisha. Wapo waliorudi na hesabu za kununua mitamba. Mapapa nao wana la kusema juu ya zizi: Alhamisi Kuu ya mwaka 2013 Papa Fransisko aliwaambia mapadre wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Sisi kwa saa tano tu tulinukia kiasi kwamba dereva alifungua madirisha yote.

Jioni, tukiwa tunarudi, tukasimama kwenye boma moja kijijini, jirani na ranchi. Kijana wetu anafahamiana na familia ile. Mzee wa boma akatoka. Vijana wakainamisha vichwa, akawagusa utosini mmoja mmoja, ndivyo wanavyosalimiana na watoto kule, naye hakumruka hata mmoja. Tulikuwa kumi na tisa.

Mifugo midogo ilikuwa inarudi, kondoo na mbuzi wamechanganyika, nyuma yao mjukuu wake, mtoto wa miaka kama kumi hivi. Hapo ndipo tulipoaibika kidogo. Mzee alituuliza kwa utani, “Haya, watu wa kanisa, kondoo ni nani na mbuzi ni nani?” Tukaanza kunyoosha vidole, tukakosea karibu nusu. Kondoo wa huku hana sufu ile ya kwenye picha takatifu, manyoya meupe yamejikunja kama pamba. Ana nywele fupi kama mbuzi, mwekundu, mweusi, wa madoa. Mzee akacheka sana, halafu akatufundisha: angalia mkia. Wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala.

Nikakumbuka Mathayo 25, siku ile Mwana wa Mtu atakapowatenga watu kama mchungaji anavyowatenga kondoo na mbuzi. Angalieni ni nani anayetenga. Ni mchungaji. Kondoo hajaambiwa popote amkague mwenzake mkia. Sisi kwenye vikundi vyetu tunaifanya kazi hiyo asubuhi na jioni: huyu mhuni, huyu ana tattoo, yule anajifanya mtakatifu, yule wa kuja Krismasi tu. Na ukisoma sura ile mpaka mwisho utaona kwamba pande zote mbili zilishangaa, kila upande ukauliza ni lini hayo yalitokea. Hata wao wenyewe hawakuwa wamejijua.

Turudi bomani. Uzio ni wa miiba, mlango ni mwembamba, kiasi cha wanyama wawili watatu kupita. Mzee akasimama kando ya mlango na fimbo yake, wanyama wakaanza kuingia. Hakutuangalia tena. Alikuwa anazungumza nao kwa sauti ya chini, nadhani anawataja. Wakaisha. Mtoto akataka kuvuta miiba afunge. Mzee akamzuia kwa fimbo.

“Mmoja hajafika.”

Kijana mmoja wetu, ni mhasibu huyo, akauliza, “Baba, wako wangapi kwa jumla?”

“Sihesabu.”

“Sasa umejuaje?”

Akamwonyesha kondoo jike mmoja aliyesimama ndani, karibu na uzio. “Huyu huingia na mwanawe. Yule mwenye sikio jeupe. Leo mama ameingia peke yake.”

Ndugu zangu, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Sisi tuna madaftari, tuna makundi ya WhatsApp, tuna mweka hazina na katibu na katibu msaidizi. Ranchi wana hereni zenye namba, na kwa ng'ombe wengi vile namba ni lazima, silaumu. Lakini mzee yule hakuhitaji kuona pengo. Alijua nani hutembea na nani. Alimgundua asiyekuwepo kwa kumwangalia aliyebaki peke yake.

Ndilo jibu la swali langu kwenye Luka, au angalau ndilo jibu bora nililowahi kulisikia.

Nikamuuliza jambo la pili, maana nilikuwa na hamu. Hawa wengine utawaacha? Kule kuna fisi, kuna chui wanaoshuka kutoka msituni, na Luka anasema yule mtu aliwaacha tisini na tisa nyikani. Mathayo, kwenye sura ya 18, anasema aliwaacha milimani, yaani mahali kama pale tuliposimama. Mahubiri mengi nimesikia yakisifia upendo huo usiopiga hesabu, na ni kweli. Ila mzee aliniangalia kama mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha.

“Niwaache na nani? Mtoto yupo. Mama yake yupo. Mimi nakwenda.”

Kumbe. Anayekwenda anaweza kwenda kwa sababu kuna anayebaki. Na anayebaki mlangoni si mvivu, naye anachunga. Kwetu tatizo ni kwamba wote tunabaki. Mmoja akipotea tunasema padre atamfuata. Padre mmoja, parokia moja, vigango vitano, shule mbili, misiba mitatu kwa wiki. Ezekieli sura ya 34 Mungu anawagombeza wachungaji waliojilisha wenyewe badala ya kuwalisha kondoo, na tukiisoma tunafurahi, tunaitazama mimbari kwa pembeni ya jicho. Lakini pale bomani mlangoni alibaki mtoto wa miaka kumi.

Mzee akachukua fimbo akaondoka, vijana wawili wa boma wakamfuata. Dereva akaanza kupiga honi, giza lilikuwa linakuja na barabara ile ina vumbi. Nikamsihi angoje. Baada ya nusu saa hivi wakarudi. Mwanakondoo hakuwa mabegani kama kwenye picha. Mzee alikuwa amembana kwapani kama gazeti, miguu inaning'inia. Alikutwa kwenye korongo, ng'ambo, anakula. Hakuwa ameumia. Hakuwa hata na hofu. Alipowekwa chini alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akapiga magoti, akanyonya, mkia unatikisika.

Binti wa kwaya akasema, “Masikini, alikimbia nini?”

Mzee akajibu, “Kondoo hapotei kwa kukimbia. Anapotea kwa kula.” Akainamisha kichwa kutuonyesha: jani hili, na lile la mbele yake, na la mbele ya lile. Hainui macho. Akija kuinua, wenzake hawapo.

Ndani ya Kosta palikuwa kimya mpaka karibu na Sanya Juu. Sijui kila mtu alikuwa anawaza nini; mimi nilikuwa nawaza vijana ninaowajua ambao hakuna siku hata moja waliyoamua kumwacha Mungu. Zamu ya Jumapili kazini, inalipa zaidi. Mechi ya Jumamosi usiku na mikeka ya kubeti. Mtihani. Mtaji umekata, kuna deni, huna nguo ya kuvaa kanisani. Jani kwa jani. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwa nini uliacha Kanisa, anashangaa kweli kweli, maana yeye anajua hakuacha. Wahubiri tunawatafuta waliokimbia, tunawaandalia hoja na majibu, na wengi wa waliopotea hawana hoja yoyote. Walikuwa wanakula.

Ndipo mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akasema, “Mpiga kinanda wetu.”

Mimi sikumkuta. Nikaambiwa alikuwa akipiga kinanda miaka minne, tangu kidato cha pili, na aliacha kuja kipindi cha Kwaresima ya mwaka jana. Nikauliza ilikuwaje. Kila mmoja akaanza kujibu na kila mmoja akaishia njiani. Mmoja alisikia amehamia Arusha. Mwingine alisikia anaumwa. Katibu akasema kwenye daftari alifutwa, kwa sababu hakumaliza mchango wa sare, shilingi elfu 40, na utaratibu ndio huo. Alipatikana mpigaji mwingine na nyimbo ziliendelea, tena wanasema huyu wa sasa ni mzuri zaidi. Kisha yule binti wa kwaya akasema taratibu, “Mdogo wake yupo. Yule wa sauti ya pili. Siku hizi anakaa benchi la nyuma peke yake.”

Hakuna aliyesema neno. Mama ameingia peke yake.

Sasa, sisi ni watu wa mlima, na wazee wetu walituachia kitu ambacho vijana wa siku hizi tunakiona kwenye uzio tu: masale. Mchaga akikukosea akaja kwako na jani la sale mkononi, huwezi kumfukuza. Unalazimika kumsikiliza, na unalazimika kusamehe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwaka 1890, walikuta mlimani watu ambao tayari walijua kwamba msamaha unaletwa kwa miguu hadi mlangoni kwa mtu. Haukutumwa kwa mjumbe wala haukuachwa mezani. Wenyewe pia walikuwa wametembea kutoka pwani.

Nimeyasema hayo kwa sababu ndicho kilichofanyika. Jumatano iliyofuata vijana wawili, katibu na yule binti, walikwenda kumtafuta. Haikuwa Arusha. Alikuwa hapa hapa Moshi, anaendesha bodaboda ya mtu, kijiwe chake kiko dakika kumi kutoka kanisani. Kila Jumapili anazisikia kengele. Katibu alichuma jani la sale kwenye uzio wa kwao, akalificha mfukoni kwa aibu mpaka likakunjika. Walipomkabidhi, waendesha bodaboda wengine wakaacha maneno, wakatazama. Yeye alilishika muda mrefu. Akasema alifikiri hesabu yake ilishafungwa, maana siku ile alipokosa ile elfu 40 alikaa nyumbani wiki moja akingoja mtu ampigie, ikawa mbili, halafu akapata pikipiki, na Jumapili asubuhi ndiyo abiria wapo.

Hawakumhubiria. Waliomba awapeleke nyumbani, wote wawili mshikaki, wakalipa nauli. Jioni ile kamati ilikutana ikaufuta ule mchango, na wakati huohuo wakaanza kupitia daftari ukurasa kwa ukurasa, safari hii wakiuliza kila jina lilikuwa likikaa na nani. Wamepata majina kumi na moja. Wamegawana.

Mniombee hao kumi na mmoja, na wale wanaowafuata. Nami nawaombea ninyi mnaosoma hapa, hasa ninyi mlio mbali na kwenu, kwenye chumba cha kupanga, ambao labda hamjainua macho siku nyingi.

Jumapili iliyopita mpiga kinanda hakuja. Mdogo wake alikuwa benchi la tatu, katikati ya wale wawili.